Uvumi wa duka la samani Arusha, na droo isiyofunga

Fundi seremala ninayefahamiana naye kwa miaka mingi alinipigia simu jioni moja, saa ambayo kwa kawaida huwa anafunga karakana. Hakuwa na mgonjwa, wala hakutaka kukopa. "Kaka, habari za jioni. Hivi hili duka kubwa la samani wanalosema linakuja hapa mjini, wewe umelisikia?" Nikamwambia nimelisikia. "Ni kweli?" Nikamjibu kwamba sijaona tangazo, kibali wala bango. Akanyamaza kidogo. "Basi kuna mteja alikuwa alete kianzio cha sofa leo. Amesema anasubiri kwanza aone hilo duka."

Duka halina hata msingi, na tayari limeshamnyima fundi kazi ya wiki mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala haya, maana huwa tunauchukulia uvumi kama maneno matupu ya kijiweni, kumbe unatembea mjini na kufanya kazi kabla ya lori la kwanza la mchanga kumwagwa.

Uvumi wenyewe una sura nyingi. Kijiwe cha bodaboda kinasema ni Waturuki. Dalali wa viwanja anaapa kwamba eneo limeshapimwa kando ya barabara ya mchepuko, na ukimsikiliza dakika tano zaidi anakuonyesha kiwanja cha jirani yake "kabla bei haijapaa". Wengine wanaitaja IKEA kwa jina, ile kampuni kubwa ya samani ya Sweden, hasa wenye ndugu Muscat au Dubai waliowatumia picha: vyumba vilivyopangwa kamili mpaka taa ya kando ya kitanda, na kila kitu kina kibandiko cha bei. Nawaelewa. Mtu aliyezoea kuulizwa "wewe una shilingi ngapi?" kabla ya kutajiwa bei ya meza, kibandiko kile kinampumzisha moyo.

Na si uvumi wa kuchekwa. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Arusha na watu 617,631. Nyumba zinajengwa kila upande, wageni wa mbuga wanaongezeka, uwanja wa AFCON 2027 umeleta wakandarasi na matumaini, na kila mwenye kiwanja cha kona anafikiria nyumba ya wageni. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi inataka vitanda kumi, kabati kumi, meza kumi na viti ishirini, vyote vya kufanana, vyote kabla ya tarehe ya kufungua. Soko lipo. Swali ni kama ni soko la kumleta jitu la samani kutoka ng'ambo, na hapo hesabu inaanza kuwa nzito.

Dar es Salaam sensa ileile iliikuta na watu 5,383,728, karibu mara tisa ya Arusha, na bandari iko mlangoni kwao. Kontena likishushwa Dar lina safari ya kilomita zaidi ya 600 mpaka kwetu. Kabla ya safari hiyo kuna forodha. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja cha asilimia 35, na samani kutoka nje ya Jumuiya zimewekwa katika kundi hilo. Chukua kitanda ambacho mpaka kinafika bandarini kimegharimu shilingi 300,000. Ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 105,000. VAT ya asilimia 18 haitozwi kwenye laki tatu peke yake, inatozwa kwenye 405,000, nayo ni 72,900. Kitanda kimefika 477,900 kabla hujahesabu tozo nyingine, lori, kodi ya jengo, umeme, mishahara, na faida ya mwenye duka. Jitu la aina hii huishi kwa kuuza vingi kwa bei ya chini. Likija hapa litauza vichache kwa bei ya juu, au litalazimika kutengeneza hapahapa. Hilo la pili nitalirudia.

Arusha na Moshi tuna kumbukumbu yetu ya maduka makubwa, na inafaa tuitumie. Nakumatt ya Kenya, ambayo ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lenyewe ni kifupi cha Nakuru Mattresses, ilifungua tawi lake la kwanza Tanzania mjini Moshi mwaka 2011. Watu walitoka Rombo na Same kwenda kulitazama. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliiachia Nakumatt maduka yake matatu ya Tanzania, mawili ya Dar es Salaam na moja la hapa Arusha. Mwaka uliofuata Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga biashara zake Tanzania na Uganda, wauzaji waliokuwa wakiipelekea bidhaa wakabaki na ankara mkononi. Haikuchukua miaka mingi Nakumatt nayo ikaanza kuonyesha rafu tupu. Januari 2020 wadai wake huko Nairobi wakapiga kura ivunjwe. Game, duka kubwa lililokuwa Mlimani City, Dar es Salaam, likiuza majokofu, televisheni na baadhi ya samani, liliondoka mwaka 2022 pale wamiliki wake wa Afrika Kusini walipoamua kuachana na Afrika Mashariki. Maduka yote haya yaliangushwa na madeni yao au hesabu za makao makuu yao, mbali na hapa. Mteja wa Arusha hakuwa na kosa. Lakini aliyekuwa amefunga kigenge chake kwa kuogopa kushindana nao hakurudishiwa kigenge.

Kwa hiyo ningependa tuuangalie uvumi huu kwa jicho la watu walioahidiwa duka kwa maandishi, si kwa maneno ya dalali. Cary ni mji wa pembeni katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mwaka 2017 IKEA ilitangaza rasmi kwamba itajenga duka pale, katika eneo la kituo cha maduka kilichokuwa kinazeeka. Halmashauri ya mji ikakaa vikao, ikabadilisha matumizi ya ardhi, mipango ya barabara ikachorwa. Mwaka 2018 kampuni ikasema haiji tena, imebadili mkakati, inaelekea kwenye maduka madogo ya katikati ya miji mikubwa na mauzo ya mtandaoni. Nashville, mji mwingine wa Marekani, nao ulipata barua ya aina hiyo mwaka huohuo. Morocco walifika mbali zaidi: mwaka 2015 duka la kwanza la IKEA karibu na Casablanca lilikuwa limejengwa, likakwama dakika za mwisho kwa kukosa kibali huku serikali ikiwa imekasirishwa na msimamo wa Sweden kuhusu Sahara Magharibi. Lilifunguliwa 2016. Ikiwa jengo lenye bidhaa ndani linaweza kukwama kwa siasa za nchi mbili, kiwanja kilichopigwa vigingi na dalali kina uzito gani?

Sitaki kuegemea upande mmoja, kwa sababu upo mfano unaonipinga, nao ni mzuri. Haparanda ni mji wa kaskazini kabisa mwa Sweden, mpakani na Finland, wenye wakazi wapatao elfu kumi tu kwa wilaya nzima. Kazi zilikuwa zimekwisha, vijana wanahama. Mwaka 2006 IKEA ilifungua duka pale, na kila mchumi aliyeutazama ukubwa wa mji alishangaa. Watafiti wa Sweden waliofuatilia wilaya kadhaa zilizopata duka la IKEA, Haparanda ikiwemo, walikuta mauzo ya bidhaa za kudumu yamepanda kwa kiasi cha asilimia 20 na ajira katika biashara hiyo kwa asilimia 17. Wanaosema duka kubwa huleta uhai wana ushahidi.

Ila mtazame aliyenunua. Haparanda haikununua samani kwa watu wake elfu kumi. Wanunuzi walitoka Finland iliyo ng'ambo ya mto, kaskazini mwa Norway, hata Urusi, kwa sababu eneo zima lile halikuwa na duka kama hilo kwa mamia ya kilomita. Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema "sisi tuna Namanga, Wakenya watafurika hapa" nasita. Nairobi wana maduka ya samani mengi kuliko sisi. Wateja wapya wa kweli wangetoka Babati, Karatu, Moshi, Mto wa Mbu, na hao leo wananunua kwa fundi wa Babati, Karatu, Moshi na Mto wa Mbu. Pesa ingehama kutoka mji mdogo zaidi kuja mji mdogo. Kwa mhasibu wa jiji hilo ni ongezeko. Kwa mkoa na majirani zake ni kumvua huyu shati umvike yule.

Basi tuachane na jitu lenyewe kwanza, tuulize kwa nini mteja yule wa sofa aliona bora asubiri duka ambalo halipo kuliko kutoa kianzio kwa fundi aliyepo. Nadhani jibu ninalo, kwa sababu liko nyumbani kwangu.

Kabati langu la nguo nilitengenezewa na fundi, si huyu aliyenipigia simu, mwingine. Mbao ni saipresi ya miteremko ya Meru, kazi ya mikono safi, vishikio vya shaba, vanishi inayong'aa hata leo. Niliahidiwa wiki tatu, likaja mwezi wa tatu. Hilo nilisamehe. Lakini lina droo mbili chini. Msimu wa masika droo ya kushoto haifunguki. Lazima niweke goti kwenye kabati na kuvuta kwa mikono miwili. Ikifika Septemba, droo ileile inacheza kama jino linalong'oka, na ubao wa pembeni umepasuka mstari mwembamba kutoka juu hadi chini, ninaweza kuingiza ukucha. Nilimwita fundi mara mbili. Mara ya kwanza alipiga randa. Mara ya pili alijaza ufa kwa unga wa mbao na gundi. Masika ikarudi.

Fundi yule hakukosa ufundi. Alikosa mbao kavu. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi kuliko tunavyodhani. Mara nyingi maji peke yake yana uzito wa nusu ya mti mkavu wenyewe au zaidi. Samani ya ndani inataka mbao ambayo maji yake yameshuka hadi asilimia 8 hadi 12 hivi. Ikitengenezwa ikiwa na zaidi ya hapo, kukauka kunaendelea chumbani kwako, na mbao ikikauka hupungua upana, si urefu. Ndiyo maana kitanda hakifupiki lakini droo inalegea, mlango wa kabati unapinda, na meza ya kulia inafunguka pale mbao mbili zilipoungana. Fundi anajua yote haya. Mwulize yeyote kando ya barabara, atakugongea ubao kwa kidole akuambie kwa sauti yake kwamba ni mbichi. Atautumia hivyohivyo.

Kwa nini autumie? Kwa sababu ya kianzio. Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote, na ningeomba msomaji avumilie nilieleze polepole. Fundi wa kawaida hana mbao dukani. Mteja akija na kazi ya laki sita, anaacha laki tatu. Kwa laki tatu hiyo fundi ananunua mbao siku ileile kwa mwenye ghala, ambaye naye kazileta jana kutoka mashineni. Mbao iliyokauka ni ile iliyokaa ikipangwa kwa vijiti katikati, upepo ukipita, kwa miezi. Miezi hiyo ni pesa iliyolala. Fundi hana pesa ya kulaza. Pesa aliyonayo ni ya mteja, na mteja ana wiki tatu. Isitoshe, sehemu ya ile laki tatu imekwenda kumalizia vanishi ya mteja wa nyuma, ambaye kianzio chake kilikwenda kwenye ada ya mtoto. Kwa hiyo ile "njoo Ijumaa", "njoo Jumatatu", tunayoiita uongo wa mafundi, kwa sehemu kubwa ni mtaji mdogo unaosukumwa kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine kama foleni ya maji. Siku mteja mmoja akichelewa kumalizia deni lake, foleni nzima inasimama.

Kinachouzwa na duka kubwa ni kinyume cha hayo. Bei imeandikwa. Kitu kipo, ukilipa unaondoka nacho. Droo inafunga masika na kiangazi. Uzuri unakuja baadaye. Mteja yule wa sofa hakumkimbia fundi kwa sababu ya Uzungu wa kitanda. Alikuwa anakimbilia uhakika, na ana haki. Mtu aliyedunduliza laki tatu kwa miezi minane hatakiwi kulala akijiuliza kama simu yake itapokelewa kesho.

Hata ule ufundi wa kupakia samani vipandevipande, ambao IKEA inausifia kama uvumbuzi wake tangu mwaka 1956, pale mbunifu wake Gillis Lundgren alipong'oa miguu ya meza ili iingie kwenye gari, si mgeni kwetu. Kitanda cha fundi wa Arusha hufunguka: kichwa, miguuni, mbavu mbili na chaga zake, kinalazwa kwenye kirikuu pamoja na godoro na mama mwenye nyumba mbele. Wapangaji tunaohama kila mkataba ukiisha tungekufa njaa bila hilo. Na hapa samani za mbao halisi zinashinda. Kabati la ubao wa kubandika, ule wa unga wa mbao na gundi uliofunikwa karatasi ya plastiki, halipendi kuhama. Skrubu ukiichomoa mara ya pili tundu limeshakuwa unga, na maji ya kudekia yakilifikia chini linavimba kama mkate. Langu mimi, pamoja na droo yake, limehama mara nne na linasimama. Nikimpata fundi wa kulifungua na kulipunguza vizuri litawafaa wajukuu.

Kwa hiyo ninachosema ni hiki: samani za Arusha hazihitaji kulindwa dhidi ya duka la kigeni kabla hazijapewa mbao kavu. Asilimia 35 ya forodha ni ukuta mrefu, na tumekaa nyuma yake miaka yote hii tukiuziana mbao mbichi. Ukuta bila kazi ya ndani humfanya mnunuzi wa hapa alipe zaidi kwa droo isiyofunga.

Kukausha mbao si teknolojia ya mbinguni. Yapo matanuru ya umeme na ya moto, ya gharama kubwa, lakini lipo pia tanuru la jua: kibanda chenye paa la plastiki angavu au kioo lililoelekezwa juani, ukuta wa ndani uliopakwa rangi nyeusi, feni za kuzungusha hewa, na matundu ya kutolea unyevu. Ubao wa inchi moja unaokaa miezi nje unakauka humo kwa wiki chache, tena sawasawa kuliko juani wazi, ambako uso hukauka haraka na kupasuka huku ndani kukiwa bado kubichi. Jua la Arusha tunalo sehemu kubwa ya mwaka. Kipimo cha unyevu wa mbao ni kidude cha mkononi chenye sindano mbili, unachomeka kwenye ubao unasoma namba. Karakana thelathini zilizopangana barabara moja hazihitaji matanuru thelathini. Zinahitaji moja au mawili, na mtu wa kuyasimamia asiye na upendeleo.

Pesa ya kuanzia ipo kisheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Ukitazama matumizi ya mikopo hii, mara nyingi unakuta kikundi kimenunua pikipiki tano, kila mwanakikundi na yake. Sina ugomvi na bodaboda. Lakini tanuru la kukaushia mbao, likimilikiwa na kikundi cha vijana wanaotoza kila ubao unaoingia, lina mteja wa uhakika kila siku ya Mungu, na linanyanyua kazi ya mafundi wote wa mtaa pamoja. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo vya namna hii hasa. Sioni mradi unaoifaa zaidi katika mji unaozungukwa na mashamba ya misitu ya Meru na West Kilimanjaro.

Halafu liko suala la oda kubwa, ambalo ndilo linalowaumiza mafundi zaidi hata kama hawalitaji. Mwaka 2016, nchi ilipokuwa kwenye kampeni ya madawati, Bunge lilitoa shilingi bilioni 6 zilizobanwa kwenye matumizi yake, zitengenezwe nazo madawati 120,000. Gawanya: dawati moja shilingi 50,000. Kazi hiyo walipewa JKT na Magereza, na sababu inaeleweka, walikuwa na watu, nafasi na nidhamu ya kutoa vitu elfu vya kufanana kwa tarehe moja. Wakati huohuo halmashauri nyingi ziliwatumia mafundi wa mitaani, na zipo shule zilizopokea madawati ya vimo tofauti katika darasa moja. Sasa ununuzi wa umma umehamia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, ulioanza kutumika Julai 2023. Fundi asiye na TIN, leseni, akaunti ya kikundi na mtu wa kumjazia fomu hauoni mlango wake. Mwenye hoteli naye ana sababu zake: akitaka vitanda arobaini vya kufanana anaagiza China, kwa sababu fundi mmoja hawezi, na mafundi arobaini watamletea vitanda arobaini vya aina arobaini.

Hicho kinatibika kwa kitu cha kuchosha sana kukizungumzia, vipimo. Mafundi wa barabara moja wakubaliane michoro mitano: kitanda cha tano kwa sita, kabati la milango miwili, meza ya hoteli, kiti, dawati. Unene uleule, urefu uleule wa mbavu, tundu la skrubu mahali palepale, ili mbavu ya fundi wa kwanza iingie kwenye kichwa cha fundi wa kumi. Keko ya Dar es Salaam ilipata jina nchi nzima kwa mafundi kukaa pamoja tu. Fikiria wakikaa pamoja na kupima pamoja.

Sasa nirudi kwa duka, maana nilisema nitarudi. Kama siku moja litakuja kweli, silipingi. Mnunuzi wa Arusha ana haki ya kuchagua kama wa Dar au Nairobi, na kijana atakayeajiriwa kupanga bidhaa ana haki ya mshahara huo. Ninachoomba madiwani wakikumbuke ni Cary. Ardhi ya jiji isibadilishwe matumizi, wala wafanyabiashara wadogo wasihamishwe, kwa sababu ya barua ya nia. Kiwanja kiwe na muda: msingi usipoonekana kwa tarehe fulani, kinarudi. Na mazungumzo ya msamaha wa kodi yasifunguliwe kabla ya kujibiwa swali moja la kibiashara: mtatengeneza nini hapa? Ule ushuru wa asilimia 35 unawasukuma wenyewe kuelekea huko. Kampuni yenye hesabu safi itaona kwamba kununua chaga, mbavu, miguu ya meza na viti kutoka kwa mafundi wa Arusha, kwa vipimo vyake, ni nafuu kuliko kulipa forodha na lori. Lakini itauliza swali la kwanza ambalo mnunuzi yeyote wa samani huuliza, mbao zenu zina unyevu asilimia ngapi, na siku hiyo kama hatuna namba ya kutaja, oda itakwenda kwingine, na sisi tutabaki kupakua makontena.

Madalali wa viwanja wanaopandisha bei kwa jina la duka hili nao waangaliwe. Tayari nimesikia mwenye fremu, mtaa wa mafundi hasa, akiwaambia wapangaji wake kwamba mkataba ukiisha kodi itapanda "kwa sababu ya duka". Fundi anayehamishwa na kodi leo hatakuwepo kushindana na mtu yeyote kesho. Jiji lina uwezo wa kutoa tamko la aya moja: kuna maombi ya kibali cha duka la namna hii, au hakuna. Aya moja ingemrudishia yule fundi mteja wake wa sofa.

Nilikwenda karakanani kwake wiki iliyopita. Nyuma, chini ya bati alilolisogeza, amepanga mbao kama sitini, kila safu na vijiti vyake katikati, na kwenye kichwa cha kila ubao ameandika kwa chaki tarehe aliyoununua. Pesa ameitoa kwenye mchezo wa kupokezana na wenzake watano. Mbao ni za wote sita. Nilikuwa nimempelekea kazi, kitanda cha mpwa wangu anayeolewa mwezi ujao, nikiwa na kianzio mfukoni. Akazitazama zile tarehe, akanirudishia noti zangu. "Kaka, za mwezi ujao ninazo mbichi tu. Kama unaweza kuongea na shemeji mvumilie, nipe mpaka mwezi wa tisa."

Nimeongea nao. Watalala kwenye godoro chini kwanza.